Kongamano la macho Madurai, India: nina siku mbili za kutembea, niende wapi?

Binti_Pangani aliandika:

Wakuu, shikamoni mnaostahili, wengine habari za kazi.

Mimi ni muuguzi wa macho katika hospitali ya mkoa. Mwaka jana nilikaa na daftari la kliniki nikahesabu wagonjwa wa mtoto wa jicho tunaowapa tarehe ya upasuaji halafu hatuwaoni tena. Nikaandika muhtasari, nikautuma kwenye kongamano la macho Madurai, kusini mwa India, bila matumaini yoyote. Umekubaliwa! Nitasimama na bango langu Februari. Nauli na malazi ya siku za kongamano vimelipiwa, kibali cha safari kipo mbioni.

Kongamano ni Alhamisi hadi Jumamosi. Ndege ya kutoka Madurai kurudi Mumbai ni Jumanne alfajiri, kwa hiyo Jumapili na Jumatatu ni zangu na zinatoka mfukoni mwangu. Waandaaji wametutumia karatasi ya ziara: hekalu la Meenakshi, ikulu ya Thirumalai Nayakkar, Kodaikanal milimani, Rameswaram baharini, Alagar Kovil, maporomoko, na kila kimoja kimeandikwa kiko "karibu na ukumbi". Nimefungua ramani, hiyo karibu yao naona kama mtu akuambie Lushoto iko karibu na Dar.

Aliyewahi kufika anisaidie. Mimi ni Muislamu, navaa hijabu, sijui kama hekaluni nitaruhusiwa hata kusogelea mlango. Na sijawahi kutoka nje ya nchi zaidi ya Mombasa, kwa hiyo msiogope kuniambia vitu ambavyo nyie mnaona vya kitoto.

---

Kiona_Mbali alijibu:

Hongera dada. Kabla ya mahekalu, viza. Fomu ya e-viza ya India ina fungu lake la kongamano, tofauti na la utalii. Usidanganywe na mtu kwamba "jaza utalii tu, ni rahisi." Mimi nilijaza utalii nikaenda kwenye mkutano wa meno, na kwenye begi la mkononi nilikuwa nimebeba bango limeviringishwa kama bomba la bati. Afisa akaniuliza ni nini. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni saa mbili na nusu nikijieleza, jasho linanitoka, wenzangu wameshafika hotelini wanakunywa chai. Waombe waandaaji barua ya mwaliko mapema.

Kadi ya njano pia, ya homa ya manjano. Ukiunganisha ndege Addis au Nairobi wataiulizia, na chanjo inatakiwa iwe imeshatimiza siku 10 kabla hujatua. Hata ukienda Dar hadi Mumbai moja kwa moja, ibebe tu, haina uzito.

---

Mtumishi_wa_Bwana77 alijibu:

Mtoto wa Kiislamu unakwenda kutalii kwenye masanamu? Na sisi walokole tuseme nini sasa.

---

Bi_Mkubwa_Macho alijibu:

Mtumishi, tulia. Kutazama jengo si kusujudu. Wewe kila siku unapanda bajaji na imetoka hukohuko kwa wenye mahekalu, mbona hujashuka?

Marahaba Binti Pangani, na hongera mwanangu. Hilo la wagonjwa wasiorudi tumelilalamikia tangu enzi zetu, wewe angalau umelihesabu.

Mimi nimestaafu sasa, niko Tanga nafuga kuku. Madurai nimekwenda mara mbili. Mwaka 2011 nilikaa wiki sita pale Aravind, hospitali ya macho, nikijifunza kutunza vifaa vya upasuaji wa macho, na 2019 nikaenda siku tano kwa kongamano kama hilo lako. Safari ya pili nilifanya kosa unalotaka kulifanya: siku moja Kodaikanal, kesho yake Rameswaram. Kodaikanal ni kama kilomita 120 kwenda, Rameswaram 170, kisha uzirudi zote. Ninachokikumbuka vizuri zaidi katika siku zile mbili ni kisogo cha dereva.

Kwa hiyo chagua moja. Jumapili baki mjini. Jumatatu panda Kodaikanal, na usizibadilishe hizo siku, maana mwisho wa juma kila mwenye gari Tamil Nadu anapanda ule mlima, foleni kwenye kona unaweza kushona gauni ukalimaliza.

Sasa hekalu. Meenakshi maana yake mwenye macho ya samaki. Wenyewe wanasimulia kuwa samaki hafumbi macho, na mungu wao huyo naye anawatazama watu wake usiku na mchana hivyohivyo. Watu wa macho tunakutana katika mji wa mwenye macho: kila mfungua mkutano atalisema hilo kana kwamba amelivumbua yeye. Mimi nililisikia mara tatu asubuhi moja.

Kuhusu hijabu, ingia bila wasiwasi, mradi umejisitiri, na wewe umeshajisitiri kuliko watalii wote. Kaptula ndizo zinazorudishwa mlangoni. Wanaume wengi wa pale wanajifunga shuka nyeupe kiunoni, utadhani umekutana na wazee wa Pangani na vikoi vyao. Patakatifu pa ndani kabisa hawaingii wasio Wahindu, kuna kibao kimeandikwa, usibishane nacho. Lakini huko nje ya patakatifu ni kukubwa kiasi kwamba miguu itachoka kabla macho hayajashiba. Minara ya malango ni 14, wa kusini ndio mrefu kupita wote, unakaribia mita 52, na umejaa sanamu za rangi kutoka chini hadi juu. Kuna bwawa la yungiyungi la dhahabu lenye ngazi pande zote. Kuna ukumbi wanaouita wa nguzo elfu, ukihesabu ni 985. Nilimuuliza mlinzi hizo 15 kazipeleka wapi, akacheka hadi akaketi.

Usiende mchana. Saa sita na nusu hivi wanafunga mpaka saa kumi jioni, na sakafu ya mawe nje inaunguza nyayo kama kikaango, maana viatu unaviacha. Beba soksi. Nenda saa kumi na mbili jioni, kaa kwenye ngazi za bwawa, usiondoke. Inapopita saa tatu usiku wanamtoa Sundareswarar, ndiye mume, yaani Shiva, wanambeba kwenye machela hadi chumbani kwa mkewe, kwa tarumbeta, ngoma na moshi wa ubani. Kila usiku. Asubuhi wanamrudisha kwake. Mimi na mama mmoja kutoka Malawi tulikuwa tumekaa hapo, akaniambia, "Kumbe hata huku mume ndiye anayemfuata mke." Tulicheka mpaka tukatazamwa.

Simu utaiacha dirishani nje. Mwaka 2011 niliingia na yangu. Februari 2018 moto ulishika maduka yaliyokuwa ndani, baada ya hapo mahakama ikapiga marufuku simu, nikakuta hivyo 2019. Nilinuna. Nusu saa baadaye nikagundua watu wote mle ndani wanatazama kitu kilekile nilichokuwa nakitazama mimi, hakuna aliyempa mgongo mungu wake ili apige picha.

Jingine la kwetu sisi wa fani: hekalu lina tembo, jike, anaitwa Parvathi. Alipata mtoto wa jicho. Mwaka 2022 wakaletwa madaktari wa wanyama kutoka Thailand kumwangalia. Mji wenye mojawapo ya hospitali kubwa za macho duniani, na tembo wao anatafutiwa daktari ng'ambo! Nilipolisoma hilo niliwaza ile meza ya upasuaji ingebidi iwe ya saizi gani.

Sasa lile ambalo halimo kwenye karatasi ya ziara. Ijumaa, kabla vikao havijaanza, waombe wakupeleke Aravind saa moja asubuhi. Usiende kutazama mashine, mashine utaziona kwenye maonyesho ya wauzaji. Nenda kutazama foleni. Hospitali hiyo aliianzisha Dokta Venkataswamy mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 58, ameshastaafu serikalini, kwa vitanda 11, na vidole vyake vilikuwa vimepindishwa na baridi yabisi tangu ujanani, akajifundisha kushika kisu upya. Nikiwa na wewe kliniki ningekuonyesha: maboksi mengi ya lenzi tulizokuwa tunapandikiza yaliandikwa Aurolab, Madurai. Kiwanda hicho walikianzisha 1992 kwa sababu lenzi za kununua nje zilikuwa ghali mno kwa maskini wao.

Chumba cha upasuaji daktari mmoja ana meza mbili. Akimaliza jicho hili anageuka tu, wa pili ameshaandaliwa na wauguzi. Wauguzi, mwanangu, wasichana wa vijijini waliofundishwa hapohapo, ndio wanaoiendesha ile nyumba.

Na kuhusu bango lako: kule kambi za vijijini wakimkuta bibi ana mtoto wa jicho hawampi tarehe. Wanampandisha basi siku ileile, anapasuliwa, analala, analishwa, anarudishwa kijijini kwao, halipi. Hapati nafasi ya kurudi nyumbani akaulizwa na wanawe "nauli nani atatoa" wala ya kuogopeshwa na jirani. Simama mbele ya basi hilo ulitazame vizuri kuliko utakavyotazama maporomoko.

Kodaikanal: beba sweta. Ni mita 2,100 hivi juu ya bahari, baridi yake ni ya Njombe, mikaratusi na ukungu kama Lushoto. Njiani utasimama kwenye maporomoko ya Silver Cascade, dakika kumi zinatosha, nyani watakuibia ndizi. Juu kuna ziwa lenye umbo la nyota, si la asili, lilitengenezwa 1863 na Waingereza waliokimbia joto. Pillar Rocks, nguzo tatu za mawe zenye urefu unaozidi mita 120, ufike kabla ya saa tano, baadaye ukungu unazifunika. Tangu Mei 2024 gari linatakiwa liwe na kibali cha mtandaoni kupanda huko, dereva wa hoteli anajua, wewe muulize tu kama amekichukua. Kama tumbo lako halipendi kona, kaa mbele.

Naomba na zawadi. Mkabala na lango la mashariki kuna ukumbi wa kale wa nguzo unaitwa Puthu Mandapam, umejaa mafundi cherehani. Niangalizie kitambaa cha Sungudi, ni pamba ya kufungwa mafundo ikatiwa rangi, ya Madurai yenyewe. Pesa nitakurudishia.

---

Mzururaji alijibu:

Bi Mkubwa shikamoo, nakuheshimu lakini kwa Rameswaram umeidhulumu. Milima Binti Pangani anayo Usambara, akitaka ukungu apande daladala.

Nilisoma Chennai miaka minne. Dhanushkodi, mwisho wa kisiwa cha Rameswaram, sijaona mahali kama pale. Desemba 1964 kimbunga kiliupiga mji usiku, treni ikasombwa na abiria wake, mji haukujengwa tena. Leo unakuta kuta za kanisa zimesimama mchangani, bahari kushoto bahari kulia, na Sri Lanka iko mbele hapo ng'ambo. Hekalu la Ramanathaswamy lina korido ndefu ambazo ukisimama mwanzo, mtu aliye mwisho humtambui ni mume au mke. Mahujaji wanamwagiwa maji ya visima 22 wakiwa na nguo zao, korido zote chapachapa. Na treni ya Pamban juu ya bahari! Daraja la zamani lilifunguliwa 1914, jipya Aprili 2025, katikati kipande kizima kinanyanyuliwa wima kama lifti ili meli ipite.

Aamke saa kumi alfajiri, saa tatu usiku amerudi. Inawezekana.

---

Bi_Mkubwa_Macho alijibu:

Marahaba. Inawezekana kwa kijana wa miaka 22 asiye na ndege kesho yake alfajiri. Huyu akipasukiwa tairi Ramanathapuram saa moja usiku, Jumanne ataamkia wapi? Korido nakubali ni nzuri. Nilizipita mbio.

---

Binti_Pangani aliandika:

Asanteni sana wote, nimecheka na nimeandika. Bi Mkubwa, nitaomba hiyo Ijumaa asubuhi. Mzururaji, Rameswaram naiweka kwa safari nyingine Mungu akipenda, mimi mwenyewe bahari nimezaliwa ndani yake.

Chakula je? Na msikiti upo karibu?

---

Mzururaji alijibu:

Msikiti upo, Kazimar, wa karne nyingi, umo ndani ya mji wa kale, kutoka hekaluni unatembea kwa miguu. Ukivuka mto Vaigai kuna dargah ya Goripalayam, ina kuba moja kubwa, makaburi ya masultani. Waislamu wa Madurai wapo wengi, nyama halali utapata bila shida, na biriani.

Asubuhi kula idli na sambar, yaani vitumbua vya mchele vya mvuke na mchuzi wa dengu, tumbo halitakusumbua. Jioni tafuta parotta, ni ndugu wa chapati zetu za kusukuma za mafuta, ila imekunjwa tabaka nyingi zaidi. Kothu parotta utaisikia kabla hujaiona, wanaikatakata juu ya bati la moto kwa vyuma viwili, mlio wake mtaa mzima. Kinywaji ni jigarthanda, maziwa ya baridi na sharubati na gundi ya lozi, inateleza kooni kama kamasi, samahani, lakini tamu. Beba rupia za noti ndogo. Wenyeji wanalipa kwa simu hadi muuza karanga, mgeni na kadi yake anabaki anatabasamu.

---

Binti_Pangani aliandika, wiki sita baadaye:

Nimerudi salama wakuu, niliahidi mrejesho.

Viza ya kongamano ilipita bila swali hata moja, Kiona Mbali ubarikiwe. Bango nililibeba limeviringishwa na afisa hakunitazama mara mbili.

Ijumaa tulikwenda watu wanne, saa moja kasoro tukawa getini. Bi Mkubwa, hukuniambia kuhusu maua. Wale kina mama waliokuja kupimwa macho, wengine hawana viatu, lakini kichwani kila mmoja ana kishada cha asmini. Harufu ya kliniki ile ni asmini na spiriti. Nikamkumbuka bibi yangu na vikuba vyake, machozi yakataka kunitoka mbele ya wenzangu Wajerumani. Ile meza ya pili niliiona. Basi la kambi sikuliona, siku zake hazikuwa hizo, lakini muuguzi mmoja alinikalisha akanieleza hadi nani anamshika mkono mgonjwa anaposhuka. Nimejaza kurasa nne. Bango langu lilikuwa na namba tu, yeye akaniuliza: "Hao wasiorudi, mliwahi kwenda kwao kuwauliza?" Sikuwa na jibu. Mwezi ujao tunaanza na vijiji viwili, nimeshaombewa gari.

Jumapili mchana nilipita ikulu ya Thirumalai Nayakkar, nguzo nene kama mibuyu, nikakaa nusu saa nikatoka. Jioni hekalu. Nilikaa kwenye ngazi kama nilivyoagizwa. Pembeni yangu alikaa mzee amevaa miwani myeusi ya waliotoka kupasuliwa, mjukuu wake anamwonyesha minara kwa kidole mmoja baada ya mwingine na yeye anazirudia rangi kwa sauti. Kitamil sikijui ila nilielewa kuwa anataja rangi. Machela ilipopita tulisimama wote. Simu yangu ilikuwa dirishani, sina hata picha moja ya kuwaonyesha. Parvathi sikumwona, nilichelewa.

Kodaikanal nilikaa mbele na nilitapika vilevile. Pillar Rocks tulifika saa sita kwa sababu dereva hakuwa na kibali, akaanza kukihangaikia barabarani. Nimeona ukungu mzuri sana, wenzangu wanasema nyuma yake kulikuwa na mawe. Ziwani palikuwa pazuri, nilikodi baiskeli, mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa darasa la sita.

Bi Mkubwa, mafundi wako wa Puthu Mandapam hawapo. Nilikuta ukumbi mtupu, mlinzi akaniambia wamehamishiwa jengo jingine mtaa wa jirani. Nikawafuata hukohuko ghorofani. Sungudi nimepata mbili, moja nyekundu, moja ya kijani. Nakuja Tanga Jumamosi ijayo. Chagua.

---

Bi_Mkubwa_Macho alijibu:

Wamewahamisha! Kulikuwa na mzee mmoja pale alinishonea gauni kwa saa moja, 2011, bila kunipima, alinitazama tu.

Ya kijani, mwanangu. Huyo mwenye macho ya samaki naye ni wa kijani. Na zile kurasa nne zije pamoja na kitambaa, nataka kuzisoma kabla hujaenda hivyo vijiji. Kuku atakuwa tayari.